Iafoni za waya, laki moja na nusu mpaka laki nne: ipi ya taarab, ipi ya kisomo cha Kurani, ipi ya kwenye boti

Mdogo wangu wa kike anajifunza fidla, mwezi uliopita kanijia na laki mbili mkononi anataka nimchagulie iafoni, namuuliza ya namna gani ananambia dada mie nataka yenye sauti nzuri tu. Nikamwambia mwanangu, kwa pesa hizo karibu zote utazokutana nazo zina sauti nzuri, suali ni nzuri kwa kusikilizia nini, na unasikiliza umekaa wapi, chumbani usiku au ndani ya daladala ya Bububu dirisha limefunguliwa. Hakuridhika, kwaio tukakaa siku mbili na iafoni sita mbele yetu, tatu zangu mwenyewe, mbili nimeazima kwa wenzangu tunaopiga pamoja na moja ya jirani alorudi nayo safari. Haya nnayoandika ndo yale tuliyoyasikia, na mie nasikiliza kwa sikio la mtu aliyekaa nyuma ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, miaka kadhaa, kwaio kama wewe unasikiliza singeli asubuhi mpaka jioni chukua maneno yangu kwa hesabu hiyo.

Sita zenyewe ni hizi: Final E3000 ya Kijapani ambayo ndo rahisi kuliko zote, dola hamsini na kitu, halafu Moondrop Aria na Truthear Hexa za Kichina ambazo zote mbili zilitoka kwa dola 80 kasoro senti, Shure SE215 iliyozoeleka kwa dola 99, Etymotic ER2XR inayopita dola 100, na Sennheiser IE 200 ambayo ilitoka 2023 kwa dola 150. Kwa shilingi zetu hapo ni kuanzia kama laki moja na nusu mpaka karibu laki nne, bado hujalipia usafiri.

Kabla ya kulinganisha chochote kuna jambo moja lazima lifanywe mana bila hilo utajidanganya. Ukisikiliza vitu viwili, kile kilicho juu kidogo cha sauti sikio litakiona ndo kizuri, hata kama tafauti ni ndogo hujaitambua kuwa ni ya sauti tu. Na zaidi ya hapo, sikio letu sauti ikiwa chini huzisikia noti za chini kwa udhaifu kuliko zile za kati, ukiongeza ndo besi inajitokeza, watafiti Fletcher na Munson walilionesha hili Marekani tangu 1933. Sasa hizi iafoni hazipigi sawa kwa namba moja ya sauti kwenye simu. SE215 inapiga juu, E3000 na ER2XR zinataka uongeze. Mtu anayezichomeka moja baada ya nyengine bila kugusa sauti atasema Shure imezishinda zote, na hapo hajalinganisha kitu. Sie kila tukibadilisha tulikuwa tunasawazisha kwanza kwa sauti ya mwimbaji, mpaka iwe imekaa pale pale, ndo tunaanza kusikiliza vyengine.

Na la pili, vipira, vile vya mbele vinavyoingia sikioni. Hapa nitakaa kidogo, mana ndo penye ugomvi wote na watu hupapita mbio. Iafoni ya ndani ya sikio besi yake inategemea kuziba. Kikiwepo kijitundu kidogo tu baina ya kipira na ngozi ya sikio, noti za chini zinatoka nje na kubakia sauti nyembamba ya bati, na hapo utasikia mtu anasema Aria haina besi, au Hexa ni kavu, kumbe kavaa kipira kidogo kuliko sikio lake. Mdogo wangu siku ya mwanzo alivaa zote kwa kile kipira kilichokuja kimeshavishwa, cha kati, na jawabu lake lilikuwa zote hazina mdundo isipokuwa ile ya Sennheiser. Tukabadilisha. Tukaona sikio lake la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, jambo la kawaida kabisa hilo watu wengi wako hivyo, tukamvisha kikubwa upande mmoja na cha kati upande wa pili, na ghafla akaanza kulisikia lile besi kubwa la kusimama ambalo kabla alidhani halimo kwenye rikodi. Uzi wa chini wa besi lile unatoa kama hezi 41, yani mitikisiko 41 kwa sekunde, fidla uzi wake wa chini kabisa ni hezi 196, kwaio kipira kikivuja fidla utaisikia vizuri tu, besi ndo litapotea, na wala hutajua kuwa limepotea kama hujawahi kuisikia nyimbo ile vyenginevyo. Namna ya kupima ni rahisi, weka nyimbo yenye besi au sanduku la kidumbaki, halafu bonyeza iafoni kidogo kwa kidole kuelekea ndani, kama besi imeongezeka basi kipira hakijaziba, badilisha. Vipira vya sponji vinaziba vizuri lakini joto letu hili na jasho vinachoka haraka, na vinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, mie natumia silikoni.

Sasa tuje kwenye mbili zinazogombaniwa, Aria na Hexa, mana bei ni moja na ndo hapa laki mbili ya mdogo wangu ilipoangukia.

Aria, ile ya 2021, ndani yake ina draiva moja tu ya milimita 10, yani ngozi nyembamba inayotikiswa na koili kama spika ya redio ilivyo ila ndogo. Hexa ina nne: moja kama hiyo kwa ajili ya besi, na tatu za aina nyengine, za amecha, ambazo ni kijiti kidogo cha chuma kinachotikisika baina ya sumaku, hizi zinashughulika na sauti za kati na za juu. Muuzaji atakwambia nne ni bora kuliko moja. Si kweli, wala si uongo, idadi ya draiva haikwambii kitu, kinachokwambia ni vipi zimepangwa zisikike. Kuna iafoni za draiva kumi zinaumiza masikio.

Nilichukua rikodi ya taarab asilia ya kikundi kizima, fidla nne, kanuni, udi, nai, akodiani, besi, dumbaki na rika, mwimbaji mwanamke na kiitikio nyuma. Aria inakupa nyimbo kama ulivyoizoea ukiwa umekaa safu ya tano au ya sita ukumbini. Mwimbaji yuko mbele, ana mwili, sauti haijakonda. Besi lina joto na uzito wa kutosha, dumbaki ile doo yake inajaa vizuri. Fidla zikipiga pamoja zinakuwa kitu kimoja kitamu, hazichomi hata ukiongeza sauti. Kilichopungua ni juu kabisa: rika zile sahani zake zinasikika ila kama zimefunikwa na kitambaa chepesi, na kanuni noti inasikika lakini mguso wa risha haupo. Mtu asiyepiga kanuni hatalikosa hilo abadan. Mie nalikosa.

Hexa nayo imenipeleka safu ya mbele, au niseme imenipandisha jukwaani. Kanuni kila noti ina nyuzi tatu zinazopigwa kwa pamoja, na kama moja imelegea kidogo kuna kile kimtikisiko cha noti kinachomkera mpigaji, basi kwa Hexa nilikisikia kwenye rikodi niliyokuwa nayo miaka na sikuwahi kujua kama kimo. Fidla nne unaweza kuzihesabu. Yule wa pili anayechelewa kuinua upinde unamjua. Udi na kanuni zikipiga pamoja noti moja, kwa Aria zinaungana, kwa Hexa kila kimoja kinakaa mahali pake. Ila besi yake ni ya adabu, ipo, inashuka mpaka chini, lakini haikusukumi, na mwimbaji anakuwa mwembamba kuliko Aria, msafi lakini mwembamba. Ukitoka kusikiliza Aria nusu saa halafu ukavaa Hexa mara moja utadhani imeharibika, ngoja dakika kumi sikio lizowee ndo uhukumu.

Kwaio kwa anayejifunza ala, anayetaka kunakili noti kutoka kwenye rikodi, anayetaka kusikia kidole kimewekwa wapi, Hexa bila ya kufikiri. Kwa anayetaka kurudi nyumbani kachoka alale chali asikilize nyimbo, Aria. Na rusha roho, hizi za kinanda na gita la besi, mie nazipenda kwa Aria zaidi, mana zile rikodi nyingi sauti za juu zimeshatiwa ukali tokea studio na Hexa haikufichii.

Kasoro moja ya Hexa ambayo si ya sauti lakini itakuamulia: ule mdomo wake unaoingia sikioni ni mnene. Wenye masikio madogo, na wanawake wengi tumo humo, baada ya saa moja inauma. Nimeona watu wanasifia sauti wiki nzima halafu iafoni inakaa kabatini kwa sababu hiyo.

Mtu ataniuliza kwani Aria na Hexa tafauti yake inatoka wapi kama zote zinasemwa sauti yake imelingana, haikuelemea upande. Tundu la sikio letu wenyewe hukuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000, ndo umbile lilivyo, na ubongo umeshalizowea hilo tangu udogoni. Ukiliziba tundu kwa iafoni ule ukuzaji wake wa kawaida unavurugika, kwaio mtengenezaji lazima aurudishe kwa makusudi, na zile iafoni za elfu tano ambazo mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya mlango, mara nyingi shida yake ndo hiyo, hapo pana shimo. Miaka ya 2010 kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, timu ya mtafiti wao Sean Olive, walikaa na wasikilizaji wengi wakatafuta mstari upi wa sauti watu wanaupenda zaidi, na tokea hapo watengenezaji wengi wa bei ya kati wanaufuata au wanauzungukia. Aria inauzungukia kwa upande wa joto, Hexa kwa upande wa kupunguza besi. Hii ndo sababu siku hizi iafoni ya dola 80 inakaa meza moja na ya dola 300 bila haya, namna ya kuipanga sauti imeshajulikana, haikai tena kwenye siri ya kiwanda kimoja.

Sasa kisomo. Nasema wazi kwamba hii ndo nusu ya usikilizaji wangu, alfajiri kabla ya watoto hawajaamka, na sijaona watu wakiipima iafoni kwa kisomo wakati ni kipimo kikali kuliko nyimbo. Hakuna ala ya kukufichia, ni sauti ya mtu mmoja na kimya. Msikilize marehemu Sheikh Abdulbasit anavyopumua halafu anavyoanza aya chini na kupanda, iafoni yoyote yenye uvimbe mahali fulani utausikia hapo hapo, noti moja itaruka mbele nyengine itarudi nyuma wakati yeye msomaji hajafanya hivyo. Na herufi. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akitupiga tukichanganya the na sini, na tafauti ya herufi hizo mbili kwa sauti iko juu, huko hezi elfu tano na kuendelea. Iafoni iliyokatwa juu inazisogeza pamoja, iafoni iliyozidishwa juu sini zote zinakuwa miluzi ya kuchoma.

Hapa Etymotic ER2XR imenishinda mie kwa hoja. Kampuni hii ya Illinois ilianzishwa na Mead Killion mwaka 1983, mtu wa elimu ya masikio na vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, na ER4 yao ya 1991 ndo iliyofungua mlango wa iafoni za ndani ya sikio zenye sauti ya kweli. ER2XR ni mtoto wa nyumba hiyo, draiva moja ya koili, na herufi XR maana yake wameiongezea besi kidogo kuliko ndugu yake ER2SE. Msomaji yuko hapa, katikati ya kichwa, hakupakwa rangi. Pumzi unaisikia, ukavu wa koo unausikia, the ni the na sini ni sini, na hakuna kinachochoma hata kidogo. Taarab nayo sauti za watu na fidla ni safi vile vile, nai ndo sijaisikia nzuri zaidi mahali pengine kwa bei hii. Ila upana haupo. Kikundi chote kinakusanyika ndani ya kichwa chako kama kiko chumba kimoja kidogo, wakati Hexa inawapanga kushoto na kulia na E3000 inawaweka mbali kabisa.

Na uvaaji wake ni kazi. Kipira kina miavuli mitatu na kinaingia ndani, ndani kweli, kupita ulivyozoea. Kilowanishe kidogo kwa maji, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, sukuma taratibu, na ukitoa toa taratibu zaidi mana ukivuta ghafla inavuta na ngoma ya sikio. Wengine hawaiwezi, inawatia kinyaa, na sio jambo la kumlazimisha mtu. Waya ukigusa nguo unasikia mkwaruzo kichwani, kile kibanio kilichokuja nayo si pambo, kibane kwenye shati. Lakini ukishaiweza inaziba kelele za nje kuliko zote sita, wenyewe wanaandika desibeli 35 mpaka 42, na mie nyumbani nikiivaa siisikii honda inayopita chini ya dirisha. Usitembee nayo barabarani.

Ndo tukafika kwenye boti. Nyumbani kwa mume wangu ni Wete, Pemba, kwaio kupanda boti mpaka Mkoani halafu gari ni sehemu ya maisha yetu, na mngurumo wa injini ule masaa mawili, matatu, ni mngurumo wa chini, unakula besi yote. Aria kwenye boti inakuwa kama Hexa. Hexa kwenye boti inakuwa redio ndogo. Mtu anachofanya anaongeza sauti kushinda injini, na hapo ndo masikio yanapoondoka: wataalamu wanasema desibeli 85 kwa masaa 8 ndo mwisho, na kila ukiongeza 3 tu muda unakatika nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2, kwaio safari moja ya kwenda Pemba inaweza kumaliza haki yako ya siku nzima na ukazidisha. Dawa si kuongeza sauti, dawa ni kuziba.

Shure SE215 hapo inaeleweka kwa nini bado inauzwa tangu 2011. Imetokana na zile wanazovaa wanamuziki jukwaani, waya unapita juu ya sikio, kiganda kinakaa shimoni hakitoki, na kuziba kwake wanaandika mpaka desibeli 37. Ukiisikiliza chumbani kimya, niseme kweli, siipendi: besi na ile sehemu iliyo juu kidogo ya besi imevimba, udi unakuwa mzito kama umelowa, na juu inakatika mapema, wao wenyewe wameandika mwisho hezi 17,500, na kanuni inakuwa iko chumba cha jirani. Mwimbaji mwanamme anasikika kapandwa na mafua. Lakini ipandishe boti. Injini inakula kile kilichozidi, na kinachobakia ni sauti iliyolingana, yenye besi bado, na hukuongeza sauti ya simu. Mume wangu ana hiyo na habadilishi, na kwa safari zake namkubalia. ER2XR inaziba zaidi ndio, ila masaa matatu na miavuli mitatu ndani ya sikio na boti linapanda na kushuka mkondoni, mie siwezi. Kwa singeli pia, zile zinazokimbia midundo mia mbili na zaidi kwa dakika, SE215 inakupa nguvu lakini dundo moja linamkanyaga mwenzake, Aria inazitenganisha vizuri zaidi.

E3000 nimeiweka nyuma wakati ndo niipendayo kwa sababu moja maalumu. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurikodi santuri za kampuni ya HMV, na zile rikodi tunazozisikia leo zinatoka kwenye santuri za mizunguko 78 zilizopigwa na kupigwa mpaka zimechakaa, kuna mkwaruzo juu yake kama mvua ya mabati, na sauti yenyewe haifiki juu sana kwa vyombo vya wakati ule. Ukizisikiliza kwa Hexa unasikiliza mkwaruzo. Kwa IE 200 ndo hata usijaribu. E3000 ina sauti za juu zilizoshushwa, laini, kwaio mkwaruzo unarudi nyuma na sauti yake Siti inakuja mbele, nene, na hewa kuizunguka, nilimuona mama yangu kavaa kanyamaza kimya nyimbo nzima. Ni kidude kidogo cha chuma kisichoshika kutu, draiva ya milimita 6.4, kinaingia sikio lolote na unaweza kulalia ubavu. Kwa nyimbo za sasa inakuwa kiza kidogo, maneno ya mwimbaji wa haraka yanamezwa, na kwa kisomo the na sini zinakaribiana. Na waya wake haubadiliki, ukikatika umekatika.

IE 200 sina maneno mengi nayo. Besi yake inashuka chini kabisa bila kuchafua sauti za kati, ni ndogo na nyepesi mno unasahau kama umeivaa, na kipira kinaweza kukaa nafasi mbili juu ya ule mdomo wake, nafasi moja inakupa besi zaidi nyengine kidogo. Lakini juu ina makali mahali fulani, akodiani ikipiga juu na rika pamoja mie nafumba jicho moja. Mdogo wangu hakuyasikia kama nilivyoyasikia mie, masikio hayafanani. Kwa tafauti ya bei, karibu mara mbili ya Aria, sijaona kilichoongezeka mara mbili.

Zisizo na waya sikuzitia kwenye ulinganisho makusudi. Pesa ile ile hapo inagawika kwenye betri, chipu, maiki na kile kisanduku cha kuchajia, na betri ndogo zile baada ya miaka miwili mitatu zinachoka na hazibadilishiki, wakati ya waya haina betri ya kuchoka. Kama unachotaka ni kupiga simu unaendesha vespa, nunua za Bluetooth, sitakugombeza.

Simu yako kama haina tundu la iafoni utahitaji adapta, na usinunue ile ya elfu mbili, nyengine zinatia mluzi nyuma ya nyimbo na kisomo ndo kitakuonesha hilo kwenye kimya. Ile ndogo ya Apple ya dola 9 ni safi sana kwa bei yake na simu nyingi za tundu la C zinaipokea, ingawa baadhi ya Android sauti inatoka ndogo na kwa ER2XR utajikuta umefika juu kabisa. Hexa kwa vile ina amecha ndani, ikichomekwa kwenye chombo kibovu cha kutolea sauti inaweza kubadilika sura, sauti za juu na za kati zisikae mahali pake, Aria haijali sana.

Halafu jihadharini na za bandia. Mie mwenyewe niliwahi kununua moja mjini, duka silitaji, boksi zuri, karatasi zimo, bei nusu, nikafika nyumbani nikaweka kisomo, msomaji yuko ndani ya pipa. Iafoni maarufu ndo zinazoigizwa zaidi. Ukipata nafasi ya kujaribu dukani beba vipira vyako mwenyewe na beba rikodi moja unayoijua kila pumzi yake, usikubali nyimbo ya muuzaji.

Na hewa yetu ya chumvi. Zile zinazobadilishwa waya, pale panapounganishwa pakipata jasho na chumvi panaanza kukatakata sauti upande mmoja, futa kwa kitambaa kikavu ukivua, weka kwenye kikopo na kile kipakti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kile kijichujio cha mbele kipanguse uchafu wa sikio, mana kikiziba upande mmoja utadhani draiva imekufa.

Mdogo wangu roho yake ilikuwa kwa Hexa, na mie nilitaka achukue Hexa kwa ajili ya fidla. Alikaa nayo dakika arubaini akanakili ule mkato wa fidla wa mwanzo wa nyimbo ambao mwalimu wake alikuwa akimsisitizia wiki mbili, akaupata, kidole cha tatu si cha pili. Akaivua sikio la kulia jekundu. Kesho yake akajaribu tena na vipira vidogo, ikawa haiumi lakini ikavuja. Akachukua Aria. Kwenye simu tumeishusha besi kidogo kwa ikwalaiza, chini ya hezi 200, desibeli mbili tu, na juu tumepandisha moja na nusu, na fidla ya pili sasa anaisikia inapochelewa. Kushoto anavaa kipira kikubwa, kulia cha kati, na Hexa yangu nimemwambia aje kuiazima siku za kunakili.